Matangazo Madogo ya Magazeti Mwanza na Kandokando ya Ziwa Viktoria

Matangazo madogo, au matangazo madogo madogo kama wengi wanavyoyaita, ni maandishi mafupi ya kulipiwa ambayo gazeti huyachapa bila madoido, yakiwa yamepangwa chini ya vichwa vya aina yake kama vile nafasi za kazi, mali inayouzwa, nyumba za kupanga, vitu vilivyopotea, tanzia, kumbukumbu, zabuni na notisi za kisheria. Yanatofautiana na matangazo makubwa ya biashara kwa kuwa hayamshawishi msomaji anunue asichokihitaji, bali humtafuta mtu mmoja ambaye tayari anakihitaji kile kinachotajwa. Ndiyo maana aghalabu hutozwa kwa idadi ya maneno au mistari, ilhali tangazo lenye fremu hutozwa kwa inchi ya safu, yaani kwa urefu wa nafasi linayochukua katika safu moja ya ukurasa. Mwanza na miji jirani ya Bukoba, Musoma, Shinyanga na Geita ina historia yake katika jambo hili, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 wasomaji walikuwa ziwani na mitambo ya kuchapa magazeti makubwa ilikuwa Dar es Salaam au Nairobi, na umbali huo ndio ulioamua tangazo la aina gani lilistahili kulipiwa na lipi lilikuwa ni kutupa fedha.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, na gazeti la walowezi na wafanyabiashara wao, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1899. Hata hivyo, baada ya Reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, na meli kama Clement Hill ya mwaka 1907 kuanza kuzunguka bandari za ziwa, bidhaa na barua za Mwanza zilipata njia fupi zaidi ya kufika baharini kwa kupitia Kisumu na Mombasa kuliko kwa kupitia koloni lenyewe. Kwa hiyo mji uliokuwa chini ya bendera ya Ujerumani ulitazama kaskazini kwa mahitaji yake mengi, na wafanyabiashara wa Kihindi waliotandaza maduka kuzunguka ziwa, ambao Alidina Visram ndiye aliyejulikana kuliko wote, walitegemea mtandao wa mawakala na barua kuliko gazeti lolote. Magazeti ya Kiswahili ya wakati huo, kama Kiongozi la serikali lililotolewa Tanga, na Pwani na Bara na Rafiki Yangu yaliyotolewa na wamisionari, yalikuwa kwanza vyombo vya mafundisho na habari, na soko halikuwa shughuli yake kuu.

Hali ilibadilika reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, na miaka miwili baadaye, Januari 1930, Tanganyika Standard lilipoanzishwa Dar es Salaam na kampuni iliyokuwa ikitoa East African Standard la Nairobi. Tangu hapo Mwanza, ambayo baadaye ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Ziwa, ilikuwa na gazeti la nchi lililoweza kupokea tangazo kwa barua, kwa simu ya maandishi au kwa mkono wa wakala. Simu ya maandishi nayo ilitozwa kwa neno, kwa hiyo aliyetuma tangazo kwa njia hiyo alilipia kila neno mara mbili, posta na gazetini. Haishangazi kwamba lugha ya matangazo haya ilikatwakatwa hadi ikabaki mifupa mitupu, bila salamu, bila kiunganishi, na bei mwishoni.

Njia ya reli kati ya Dar es Salaam na Mwanza ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200, na tangazo lilikwenda na kurudi juu ya njia hiyo. Ugumu wake unaonekana vizuri katika utaratibu wa sanduku la gazeti, ambao ulimwezesha mtangazaji kuficha jina lake: gazeti lilimpa namba, wasomaji wakaandikia namba hiyo kwa anwani ya gazeti, na ofisi ya gazeti ikamtumia majibu yake ndani ya bahasha moja. Utaratibu huo ulifaa sana katika mji wenye mitambo yake. Kwa Mwanza ulikuwa na kichekesho ndani yake, kwa kuwa mwenye pikipiki ya kuuza akiwa Kirumba, na mwenye kuitaka akiwa Mkuyuni, wangeweza kuandikiana kwa kupitia Dar es Salaam, barua ikasafiri zaidi ya kilomita 2,400 ili kuvuka mji unaopitika kwa miguu. Mtu mwenye akili zake timamu alitaja sanduku lake mwenyewe la posta, na asiyekuwa na sanduku alitumia la mwajiri, la shule, la misheni au la chama cha ushirika, jambo ambalo lilikuwa la kawaida kwa sababu posta haikupeleka barua majumbani. Herufi S.L.P. na namba yake zikawa sehemu ya mwisho ya karibu kila tangazo la Tanzania.

Kutokana na hayo, biashara ya papo kwa papo haikuwa na nafasi kubwa katika safu hizo. Baiskeli kuukuu, cherehani, samaki, chumba cha kupanga na mtumbwi viliuzwa kwa maneno ya mdomo, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani mwa duka, kwa ubao wa matangazo wa bomani, na vijijini kwa mpiga mbiu aliyetumwa na mtemi au jumbe. Kilichofika gazetini kilikuwa ama kikubwa kiasi cha kustahili kusubiri, ama cha lazima kisheria. Upande wa kwanza ulijumuisha malori, mashine za kuchambulia pamba, vifaa vya machimbo, nyumba za makampuni na nafasi za kazi za mafundi na makarani, hasa baada ya dhahabu ya Geita kuanza kuchimbwa kwa wingi katika miaka ya 1930 na almasi ya Mwadui kugunduliwa na John Williamson mwaka 1940, kwa kuwa machimbo yalihitaji watu ambao hawakupatikana wilayani na yaliacha nyuma mitambo iliyotafuta mnunuzi mwingine. Pamba ilileta mzunguko wake. Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima lililoanzishwa Mwanza mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, lilikua likawa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, na chombo cha ukubwa huo kilihitaji makarani wa mizani, madereva, wahasibu na wazabuni wa usafirishaji, yaani watu wa aina ileile ambao safu za nafasi za kazi na zabuni ziliwekwa kwa ajili yao.

Upande wa pili, ule wa sheria, ndio ulioacha kumbukumbu nyingi zaidi, na mtafiti anayetaka kuijua Mwanza ya zamani huko ndiko atakakoipata. Chombo chake kikuu hakikuwa gazeti la habari bali Gazeti la Serikali, yaani jarida rasmi ambamo serikali huchapa sheria, teuzi na notisi, lililoanza kutolewa na utawala wa Waingereza mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Humo viliorodheshwa mirathi ya waliokufa bila wosia, waliofilisika, ubia uliovunjwa, alama za biashara, waliobadili majina kwa hati ya kiapo na hati za ardhi zilizopotea. Notisi ya hati iliyopotea inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa umbo lake halijabadilika sana tangu enzi hizo: juu hukaa kichwa cha habari chenye jina la sheria, ambayo leo ni Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, Sura ya 334, hufuata jina la mmiliki aliyeandikishwa, namba ya hati, na maelezo ya ardhi yenyewe kwa kiwanja, kitalu na mji, kisha Msajili wa Hati anatangaza kwamba hati imeripotiwa kupotea na kwamba anakusudia kutoa nyingine iwapo hakuna atakayepinga ndani ya muda uliowekwa, na mwisho anayeiona hati ya zamani anaombwa kuirudisha. Ni sentensi chache kavu. Lakini anayezikusanya kwa miaka 30 hupata ramani ya umiliki wa mji, nani alikuwa na kiwanja wapi na familia ipi ilihama.

Jirani na notisi hizo, katika magazeti ya habari, kulikuwa na onyo kwa umma, aina ambayo imedumu Afrika Mashariki yote na ambayo ubaya wake haujaandikwa vya kutosha. Mwajiri alitangaza, baadaye hata kwa picha, kwamba mtu fulani si mfanyakazi wake tena na kwamba atakayefanya naye shughuli kwa jina la kampuni atajibeba mwenyewe. Katika mji mdogo ambamo karani aliyeachishwa kazi angeomba nyingine kwa watu walewale wanaosoma gazeti lilelile, tangazo hilo lilikuwa hukumu bila mahakama, na aliyetajwa hakuwa na safu ya kujibia isipokuwa anunue yake.

Suala la lugha liliwagawa watangazaji zaidi ya bei. Tanganyika Standard lilikuwa la Kiingereza, na Wahindi wa Mwanza walikuwa pia na Tanganyika Opinion na Tanganyika Herald za Dar es Salaam, zilizochapwa kwa Kiingereza na Kigujarati. Msomaji wa Kiswahili alikuwa na Mambo Leo, lililotolewa na idara ya elimu kuanzia Januari 1923 kwa senti 10, ambalo lilichapa barua na habari fupi kutoka wilayani; mtu aliyetaka kujulisha kifo, kuhamishwa kazi au kufunguliwa kwa shule aliweza kuyaingiza mambo hayo kama habari bila kulipa chochote, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya tangazo dogo ilifanywa na mwandishi wa kujitolea, mara nyingi mwalimu. Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza mwaka 1937, lilikuwa la kwanza nchini kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika, naye hakuwa na mfuko wa serikali wala wa misheni wa kumbeba.

Magazeti ya ziwani kwenyewe yalikuwepo, ila yalikuwa ya makanisa, ya mabaraza ya wenyeji au ya lugha za huko. Mwanza ilikuwa na Lumuli la Wakatoliki, na Bukoba, mji wenye fedha za kahawa na wasomaji wengi, ulikuwa na magazeti ya Kihaya kama lile lililoitwa Bukya na Gandi. Ng'ambo ya ziwa, Ramogi la Kijaluo, ambalo Achieng' Oneko alikuwa mwanzilishi wake katika miaka ya 1940, liliandikwa kwa lugha inayosomeka hadi Shirati upande wa Tanganyika. Magazeti ya namna hiyo yalimfikia msomaji ambaye Standard haikumfikia, lakini mengi yalikuwa na kurasa chache na maisha mafupi, na mfanyabiashara mwenye lori la kuuza hakuwa na sababu ya kuyapa fedha zake wakati wanunuzi wenye uwezo walisoma Kiingereza au Kigujarati.

Baada ya uhuru safu hizi zilipungua nguvu kwa sababu mbili zilizokuja pamoja. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyaweka makampuni makubwa mikononi mwa umma, Standard likataifishwa Februari 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist kuwa Daily News. Kazi na nyumba nyingi sasa ziligawanywa na ofisi za serikali na mashirika, si soko, na kilichobaki kulipiwa kikawa zabuni, notisi na tanzia. Sababu ya pili ilikuwa redio. Kituo kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1951, ambacho baadaye kiliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, kilifanya kwa jioni moja kazi ambayo gazeti lilihitaji juma zima kuifanya, na matangazo ya vifo yaliyomalizika kwa habari ziwafikie ndugu na jamaa wa kijiji fulani, kisha kijiji kingine, yaliwafikia watu wa Ukerewe na Sengerema ambao hawakuwahi kushika gazeti. Waliyasikiliza kwa makini kuliko taarifa ya habari.

Mwanza ilipopata hatimaye gazeti lake la kusomwa na wengi, halikuwa la kuuza kitu. Elimu Haina Mwisho, lililoanzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa, lilitokana na mradi wa kisomo chenye manufaa ambao UNESCO na serikali waliuanzisha huko mwaka 1968 katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, na liliendeshwa kwa fedha za elimu na misaada. Lilikuwa na lugha ya wakulima na wavuvi, na lilisomwa vijijini ambako Standard haikufika kamwe. Kama tangazo dogo la ziwani lingepata nyumba yake popote, lingeipata humo, na ni hasara kwamba gazeti hilo lilizaliwa wakati ambapo hakukuwa na bidhaa za kutosha madukani za kutangazwa.

Magazeti binafsi yalirudi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, redio za Mwanza zikaanza katika muongo uliofuata, na simu ya mkononi ikamaliza kazi yote ya kuuza na kununua iliyokuwa imesalia katika safu hizo. Notisi za kisheria hazikuguswa. Mkazi wa Mwanza aliyepotelewa na hati ya kiwanja chake bado hupeleka ripoti ya polisi kwa Msajili, na kusudio la kumpa hati mpya bado huchapwa katika Gazeti la Serikali, ambalo hutoka siku za Ijumaa.