Stempu Sita za 1962 na Hakuna Soka

Wasee, mimi hukusanya stempu za enzi za ukoloni zenye picha za michezo. Najua, mnaona ni mambo ya wazee. Lakini stempu ilikuwa posti ya serikali kabla ya simu. Kapicha kadogo, kanabandikwa kwa barua, kanazunguka dunia kakisema: kwetu mambo yako hivi. Na kama posti yoyote, lazima uangalie kilichowekwa na kilichoachwa nje.

Chukua seti moja tu: Msumbiji, 1962. Ureno ilitoa stempu za michezo kwa makoloni yake ya Afrika, sita kwa kila koloni. Za Msumbiji ni hizi: kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, mieleka, jimnastiki, hoki, basketboli ya wanawake, na mbio za motaboti. Hiyo ya motaboti ndiyo ya bei ya juu kabisa, escudo 15.

Hebu hesabu tena. Soka iko wapi?

Manze, hii ni Msumbiji! Mtaani Mafalala, pembeni mwa mji wa Lourenço Marques ambao leo ni Maputo, watoto walikuwa wanapiga boli pekupeku, na mpira wenyewe ni soksi na magazeti yaliyofungwa pamoja. Mmoja wao, Eusébio, aliondoka Desemba 1960 kwenda Lisbon kuchezea Benfica. Kufikia Oktoba 1961 alikuwa ashavaa jezi ya taifa ya Ureno. Halafu tarehe 2 Mei 1962, fainali ya Kombe la Ulaya jijini Amsterdam, Real Madrid wako mbele 3–2. Mário Coluna, naye mzaliwa wa Msumbiji, anasawazisha. Eusébio anaongeza mawili. Mechi inaisha 5–3. Mabao matatu ya mwisho, yote ya vijana wa Msumbiji.

Kwa hivyo Ureno iliijua talanta ya Msumbiji vizuri sana. Iliibeba ikaenda nayo. Kwa stempu, ikaweka motaboti.

Angalia pia hizo zilikuwa siku gani. Hadi Septemba 1961, sheria ya Ureno iliwaweka Waafrika wengi wa Msumbiji kwa kundi la "indígena", yaani wenyeji wasio raia kamili. Mwaka huohuo vita vya ukombozi vilianza Angola, na Desemba India ikachukua Goa. Wiki chache baadaye, hizi stempu zikatoka. Mimi nazisoma hivi: nyumba inaanza kuungua, mwenyewe anatuma picha za likizo.

Mtu ataniambia mieleka haihitaji doo, na basketboli pia si ya matajiri pekee. Sawa, hapo nakubali. Lakini niambie, nani pale Mafalala alikuwa na motaboti?

Jibu la wenyewe halikuchelewa. Tarehe 25 Juni 1962, hata miezi miwili haijaisha tangu ile fainali, FRELIMO ikaundwa hapa jirani, Dar es Salaam. Miaka 13 baadaye, siku na mwezi uleule, Msumbiji ikawa huru.

Na tusiwacheke majirani. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu za pamoja, na zile za 1954 zilikuwa na Malkia, twiga, simba, tembo na Mlima Kilimanjaro. Mwaka huo Nyandika Maiyoro alimaliza wa nne katika mbio za maili tatu kule Vancouver, Mkenya akishindana na wakali wa dunia. Twiga akapata stempu, Nyandika hakupata.

Ndiyo maana nakusanya vitu vya mkoloni bila aibu. Ni ushahidi, tena kwa mkono wake mwenyewe. Ukipata bahasha nzee kwa sanduku la nyanya yako, usibandue stempu. Weka bahasha nzima, kwa sababu mhuri wa posta unakuonyesha mji na tarehe. Kisha uliza swali moja: nani alikuwa hapo na hakuchorwa?

Mimi stempu ya saba ya ile seti nishaichagua: mtoto pekupeku na mpira wa soksi. Wewe ungeweka nini?