Mtutu uliopata moto humdanganya mwindaji

KATIKA kambi za uwindaji wa kitalii nchini Tanzania, siku ya kwanza ya mgeni kwa kawaida haianzi kwa kumfuata mnyama. Huanza kwa karatasi. Mwindaji bingwa anayemwongoza mgeni hubandika shabaha ya karatasi mahali penye kingo ya udongo nyuma yake, hupima umbali, kisha humtaka mgeni afyatue risasi chache.

Asiyejua huweza kudhani kwamba mgeni anapimwa uhodari wake tu. Ukweli ni kwamba bunduki nayo inapimwa. Imesafiri kwa ndege, ikapakiwa na kupakuliwa, ikatikiswa garini kwa saa nyingi katika barabara za vumbi. Darubini iliyofungwa juu yake ikisogea kwa kiasi kidogo tu, risasi haitafika mahali jicho lilipolenga.

Kosa hilo lina gharama kubwa. Mnyama aliyejeruhiwa akatoroka huhesabiwa kuwa ameuawa, na mgeni hudaiwa ada yake. Lakini fedha si jambo kubwa kuliko yote. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kichakani akiwasubiri wanaomfuata, na anayetangulia katika msafara huo ni mfuata nyayo, ambaye mara nyingi hana bunduki mkononi.

Maana ya kurekebisha shabaha

Risasi haiendi katika mstari ulionyooka. Mara itokapo mtutuni huanza kuvutwa chini na uzito wake. Tena, darubini hukaa juu ya mtutu kwa kiasi cha sentimita 4 au zaidi. Kwa sababu hizo, mtutu huelekezwa juu kidogo ili njia ya risasi ikutane na mstari wa jicho katika umbali uliochaguliwa. Kuvikutanisha viwili hivyo ndiko kurekebisha shabaha.

Darubini ina vifundo viwili: kimoja cha juu na chini, kingine cha kulia na kushoto. Kila kifundo kinapozungushwa hutoa mlio mdogo. Katika darubini nyingi, mlio mmoja husogeza risasi takriban milimita 7 katika umbali wa mita 100. Katika nyingine, milimita 10. Hivyo, risasi zikipiga sentimita 7 kushoto kwa shabaha, mwenye darubini ya aina ya kwanza atahitaji milio 10 kuelekea kulia.

Kazi hufanywa bunduki ikiwa imelazwa juu ya mifuko ya mchanga. Mifuko hushikilia ubao wa bunduki, kamwe si mtutu wenyewe. Mpigaji huanza na umbali wa mita 25 ili awe na hakika ya kuipata karatasi, kisha husogea hadi mita 100. Hufyatua risasi tatu akilenga pale pale, na marekebisho hufuata kitovu cha matundu hayo matatu. Anayezungusha kifundo kwa kufuata tundu moja hurekebisha kosa la mkono wake, wala si la bunduki.

Joto linavyovuruga hesabu

Kila baruti inapoungua, mtutu hupata moto. Risasi kadhaa za haraka zikifuatana, mtutu hauwezi kushikika kwa mkono. Chuma kikipata joto hutanuka: mtutu wa sentimita 60 ukiongezeka nyuzi joto 50 hurefuka kwa takriban theluthi moja ya milimita.

Kurefuka huko peke yake hakuna madhara makubwa. Madhara hutokea mtutu unapotanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Huenda chuma chake kilibaki na mikazo tangu kiwandani, ambayo hulegea kwa joto. Huenda ubao unaugusa upande mmoja na kuusukuma kila unapotanuka. Matokeo yake mtutu hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Hata hivyo, pembe ya sehemu moja ya 60 ya digrii inatosha kuisogeza risasi karibu sentimita 3 katika mita 100, na karibu sentimita 6 katika mita 200.

Bunduki za kuwindia huathirika zaidi kwa kuwa mitutu yake ni myembamba ili zibebeke kwa urahisi. Bunduki za mashindano ya shabaha huwa na mitutu minene, ambayo huchelewa kupata moto.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hufyatua risasi 12 mfululizo. Matundu yanapanda kidogo kidogo, naye anazungusha kifundo ili kuyashusha. Anaondoka akiamini kwamba amemaliza kazi, kumbe ameirekebisha bunduki kwa mtutu wa moto. Kesho yake alfajiri mtutu ni wa baridi, na risasi inapiga chini ya pale alipolenga.

Joto lina hila nyingine mbili. Hewa ya moto inayopanda kutoka mtutuni hucheza mbele ya darubini, shabaha ikaonekana kama inayumba. Vilevile, risasi iliyoachwa ndani ya chemba yenye moto, au garini juani, baruti yake hupata joto, mgandamizo wake huongezeka na kasi hubadilika. Mafundi wa Uingereza walilijua jambo hili zamani: risasi ya .416 Rigby ya mwaka 1911 ilipewa ganda kubwa ili mgandamizo usizidi katika nchi za joto.

Dawa ni subira

Baada ya kila risasi tatu, hakikisha bunduki haina kitu, acha chemba wazi, uiweke kivulini hadi mtutu upoe kabisa. Adhuhuri ya jua kali huenda ukahitaji zaidi ya dakika 10. Mafuta yaliyobaki ndani ya mtutu baada ya kuusafisha yafutwe, kwa kuwa nayo huipotosha risasi ya kwanza.

Jaribio la mwisho ni risasi moja tu kutoka mtutu wa baridi, irudiwe asubuhi nyingine kwenye karatasi ile ile. Matundu hayo ndiyo yanayosema kweli kuhusu bunduki. Haya yote yafanywe na mwenye kibali, mahali panaporuhusiwa, kwani risasi ya bunduki kubwa huweza kwenda kilomita kadhaa.

Porini, nyati hamsubiri mtu apashe mtutu wake moto. Risasi inayoamua usalama wa msafara ni ile ya kwanza, nayo hutoka katika mtutu wa baridi.