Chetezo ni Kile Kile, Nyumba Siyo Ile

Tunapokaa kuandika historia yetu huandika majahazi, masultani na safari za wazee. Leo tunaomba ruhusa tuandike historia ya kitu kisichoonekana, nacho ni hewa ya ndani ya nyumba. Sisi tunaishi Bustan, pale ambapo majabali ya Muscat yanakaribia kuingia baharini, na kilichotushikisha kalamu ni mtoto. Mjukuu wetu wa miaka sita ana pumu. Kila Alhamisi jioni, chetezo kinapozungushwa vyumbani, hushikwa na kikohozi, na mara nyingine usiku wote hukesha tukimpa dawa ya kuvuta.

Sisi tuliosomea uhandisi Uingereza tulikwisha kata hukumu: ni moshi. Lakini mwenye chetezo ni mama yetu, aliyezaliwa Unguja na kufukiza tangu usichana wake. Tulipomwambia kwa upole alitutazama, akasema: "Mwanangu, ubani umekuleeni nyote, na hapana aliyekohoa. Leo ndiyo umekuwa sumu?"

Hatukuwa na jawabu. Kwa mwenye elimu, swali kama hilo halijibiwi kwa kumwambia mzee kuwa mambo yamebadilika. Ilitubidi tujue ni jambo gani lililobadilika.

Tuanze na hapa tulipo. Bustan ya zamani ilikuwa kijiji cha wavuvi. Katika pwani hii watu wengi walikaa nyumba za barasti, zilizojengwa kwa makuti ya mtende, na upepo wa bahari ukipenya ukutani kama maji katika kimia. Kijiji kikahamishwa ili ijengwe hoteli kubwa ya kasri, iliyokamilika mwaka 1985 na kupokea mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Wenyeji wakapewa nyumba mpya za kudumu karibu na hapo. Ilikuwa neema, na hakuna anayetamani kurudi kulala katika makuti wakati wa joto la Juni. Ila barasti ilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeihesabu wakati wa kuiaga: moshi ulioingia humo haukupata pa kukaa.

Kwetu Unguja mambo hayakuwa mbali na hayo. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, na uwanja wa ndani ulio wazi kwa mbingu. Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na ya baridi huingia kutoka njia nyembamba za mitaani. Nyumba ya udongo na makuti ya Ng'ambo na mashamba ina mwanya baina ya ukuta na paa, na jiko la kuni liko uani. Wazee hawa hawakusoma fizikia ya hewa, lakini waliijenga. Kibatari kilitoa moshi, jiko lilitoa moshi, chetezo kilitoa moshi, na nyumba yenyewe ilikuwa dohani.

Kisha yakaja ya 1964, watu wakatawanyika. Na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwezi wa Julai 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi kujenga. Wengi wetu tukarudi au tukaletwa tukiwa wadogo. Mafuta yalikuwa yakiuzwa nje tangu 1967, na sasa zikaja barabara, umeme, matofali ya saruji, na baadaye madirisha ya alumini yanayofunga barabara. Juu ya ukuta kikatundikwa kiyoyozi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, hata wenye shahada. Kiyoyozi cha ukutani, kile chenye kipande kimoja ndani na kingine nje, hakiingizi hewa mpya. Huvuta hewa ya chumba, huipoza, na kuirudisha chumbani. Baina ya vile vipande viwili hupita gesi ya kupozea ndani ya mabomba, basi. Ubaridi ule hutufanya tudhani hewa ni safi, kumbe ni ile ile tuliyoivuta na kuitoa tangu jioni.

Kupima hewa ya nyumbani si jambo la leo. Mwaka 1858 mwanasayansi wa München, Max von Pettenkofer, alipendekeza kuwa hewa ya chumba ipimwe kwa kaboni dioksidi, ile tunayoitoa tunapopumua. Aliona kuwa ikipita sehemu 1,000 kwa milioni, chumba hakipati hewa ya kutosha. Hakusema kiasi hicho ni sumu. Alikuwa akikitumia kama shahidi, kwani ikiwa pumzi zetu hazina pa kutokea, basi na kingine chochote kilichomo ndani hakina.

Hebu tufanye hesabu ya chumba chetu cha kulala, mita nne kwa nne, dari mita tatu, yaani mita za ujazo 48. Watu wazima wawili waliolala hutoa kaboni dioksidi lita 24 hivi kwa saa. Gawa, utapata ongezeko la sehemu 500 kwa milioni kila saa, juu ya zile 420 hivi ambazo hewa ya nje inazo leo. Chumba kikiwa kimezibwa kabisa, kiwango cha Pettenkofer hufikiwa baada ya saa moja na ushei. Milango huvuja kidogo, kwa hiyo yumkini itachukua muda zaidi, lakini alfajiri iko mbali.

Sumu ya kweli ni ndugu yake, kaboni monoksidi, inayotoka katika mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha. Haina harufu wala rangi. Katika miaka ya 1890 Mskoti John Scott Haldane aliwashauri wachimba migodi wachukue ndege wadogo chini ya ardhi, kwa kuwa ndege hulewa hewa hiyo kabla ya mtu. Ndege hao walibaki kazini katika migodi ya Uingereza mpaka 1986, vifaa vya umeme vilipochukua nafasi yao.

Wala si sisi wa Ghuba peke yetu tuliojifungia. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, nchi za Magharibi nazo ziliziba nyumba na maofisi ili kuokoa nishati. Marekani, kanuni ya wahandisi ya 1981 iliruhusu ofisi kupewa futi za ujazo 5 tu za hewa ya nje kwa dakika kwa kila mtu. Malalamiko ya vichwa kuuma na macho kuwasha yakazidi, na mwaka 1989 kiwango cha chini kikapandishwa kuwa 15.

Na chetezo je? Mwaka 2009 madaktari wa Oman, akiwemo Omar Al-Rawas wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, walichapisha uchunguzi wa watoto 2,441 katika mikoa miwili ya nchi hii. Matokeo yake yanafaa kusomwa kwa uadilifu. Hawakuona kuwa nyumba zenye kufukiza zina watoto wengi zaidi wenye pumu. Lakini katika watoto ambao tayari wana pumu, asilimia 38 walizidiwa na bukhuri, na ikawa kichocheo cha nne baada ya vumbi, hali ya hewa na maradhi ya njia ya pumzi. Maana yake ni kuwa mama na sisi kila mmoja alikuwa na nusu ya haki. Ubani haukutupa pumu. Ila kwa mwenye nayo, humwamsha.

Jambo jingine tumejifunza kutoka Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Majid Ezzati na Daniel Kammen waliweka vifaa vya kupimia moshi ndani ya nyumba za Laikipia zenye kupikia kuni na mkaa. Walifuata kaya 55 kwa zaidi ya miaka miwili na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Waliona kuwa wastani wa siku huficha mambo, kwani moshi huja kwa mawimbi makali, na anayeyapokea ni aliye karibu na moto, khasa mama mpishi na mtoto aliye naye. Chetezo nacho ni hivyo hivyo. Hudumu dakika chache, lakini mtoto huwa amesimama juu yake akinusa.

Basi tukanunua kifaa kidogo. Hupima kaboni dioksidi kwa mwanga usioonekana ambao gesi hiyo huunyonya, na huhesabu chembechembe za moshi kwa mwanga wa leza unaozigonga na kutawanyika. Zinazohesabiwa ni zile ndogo kuliko maikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wake wa siku usizidi maikrogramu 15 kwa mita ya ujazo.

Alhamisi moja tukakiweka sebuleni, kiyoyozi kinavuma, madirisha yamefungwa. Mama akafukiza. Namba ikapanda hadi tarakimu tatu kabla hajamaliza chumba cha pili, na saa mbili baadaye ilikuwa bado haijashuka ilikotoka. Mama alikuwa akiitazama kimya. Kisha akauliza: "Na hivi kwa nini mmefunga madirisha?"

Tukamwambia ni kwa sababu ya kiyoyozi.

"Kwani nani alikwambieni kwetu tulifukiza tumejifungia? Tulifukiza madirisha wazi, moshi uingie nguoni, uliobaki uende zake."

Siku hiyo swali lake la mwanzo lilijibiwa, na aliyelijibu ni yeye mwenyewe. Moshi ni ule ule uliotulea. Kilichobadilika ni nyumba, na waliobadilisha nyumba ni sisi wahandisi.

Wiki iliyofuata tulizima kiyoyozi, tukafungua madirisha ya pande mbili yanayotazamana, na mtoto akapelekwa barazani kwa babu yake. Namba ilipanda tena, lakini ikashuka kabla ya nusu saa kwisha. Usiku ule hakukohoa. Hatusemi kuwa amepona. Zipo wiki nyingine alikohoa bila ya chetezo, na daktari wake ndiye mwenye neno la mwisho.

Wala hatusemi kufungua dirisha ni dawa ya kila kitu. Siku za vumbi hewa ya nje ni mbaya kuliko ya ndani, na hapo dirisha lifungwe. Katika joto la kiangazi, dirisha wazi ni pesa ya umeme inayotoka. Na vifaa vyenyewe si mawalii. Unyevu wa pwani yetu hupandisha namba za chembechembe, mvuke wa sufuria huweza kuhesabiwa kuwa moshi, na vifaa rahisi vingine havipimi kaboni dioksidi hata kidogo, hukisia tu kutokana na gesi nyingine. Mwenye kununua aulize kwanza kinapima kwa njia gani. Namba moja peke yake haina maana kubwa. Faida iko katika kulinganisha: chumba kile kile, kabla na baada, dirisha wazi na dirisha limefungwa.

Nanyi mlioko nchi za baridi, msidhani habari hii ni ya Muscat tu. Wengi mnakaa fleti zilizozibwa kwa ajili ya baridi, mnapika, mnafua na kuanika ndani, na kwa hamu ya kwetu mnafukiza. Mjini Rochdale, Uingereza, mwezi wa Disemba 2020 alifariki mtoto wa miaka miwili wa wazazi wa Kisudani kwa sababu ya ukungu wa ukutani katika nyumba ya kupanga, na mwaka 2023 Bunge likapitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za umma kushughulikia hatari hizo. Ukungu ukitokea, lalamikeni kwa maandishi. Mkaa wa nyama ya kuchoma usiingie ndani kabisa, hata ukionekana umekwisha kuwa jivu. Na king'ora cha kaboni monoksidi ni rahisi kuliko chetezo kizuri.

Kwetu sasa kila Alhamisi baada ya alasiri husikika sauti ya mama kutoka ukumbini: "Fungueni madirisha, nataka kufukiza." Kifaa kiko juu ya kabati. Siku hizi yeye ndiye anayekisoma.