SIFA ZA KUWA SHUSHUSHU: WAINGEREZA WALIULIZA "BABA YAKO NANI?", WAKAJA KULIA

Stori za kijiweni kuhusu namna ya kuingia Usalama haziishi. Mmoja atakwambia lazima uwe na mjomba huko ndani. Mwingine atasema kazi ile huombi, unafuatwa, wanakuangalia tangu ukiwa shule na wewe hujui. Wa tatu ana mtu anayemjua mtu, toa hela kidogo na jina lako litapita.

Hiyo ya hela ni utapeli mtupu. Lakini hizo mbili za kwanza ziliwahi kuwa kweli kabisa, tena katika nchi inayosifika duniani kwa ujasusi: Uingereza. Na ziliigharimu nchi hiyo vibaya sana.

KAZI ISIYOTANGAZWA

Mwaka 1909 serikali ya Uingereza ilianzisha ofisi ndogo ya siri. Ofisi hiyo ndiyo ikaja kuzaa idara mbili zinazojulikana mpaka leo: MI5, inayoshughulika na usalama wa ndani, na MI6, inayofanya ujasusi nje ya nchi.

Kwa miaka mingi hakukuwa na tangazo la kazi wala fomu ya maombi. Kiserikali, MI6 hata haikuwepo. Kijana wa Oxford au Cambridge aliitwa pembeni na mwalimu wake, akaulizwa kama angependa kazi fulani ya serikali ambayo haisemwi sana. Akikubali, anakutanishwa na mzee mmoja, wanakula chakula cha mchana, wanapiga stori. Imetoka hiyo.

Sasa sifa zilikuwa zipi? Umesoma shule gani, unaongeaje, na kubwa kuliko yote, baba yako ni nani. Imani yao ilikuwa kwamba mtoto wa familia nzuri hawezi kuisaliti nchi. Mtoto wa fundi au wa kuli wa bandarini hata awe na akili za ajabu, nani angemwita mezani?

KIJANA ALIYEPITA BILA KUULIZWA

Mwaka 1940 aliingia MI6 kijana mmoja aliyekuwa na kila kitu walichokitaka. Kasoma shule kubwa London, kasoma Cambridge, na baba yake alikuwa ofisa wa zamani wa serikali ya kikoloni India.

Inaelezwa kwamba mkubwa mmoja wa MI6, ambaye alimfahamu yule baba, alikaa nao mezani wakala chakula. Kijana aliponyanyuka kidogo, mkubwa akamuuliza mzee kuhusu zile habari kwamba mwanaye alikuwa mkomunisti kule chuoni. Mzee akajibu kwamba ule ulikuwa utoto tu wa shule. Mkubwa akaridhika.

Kumbe jamaa alikuwa ameshaandikishwa na Wasovieti tangu 1934, miaka sita kabla! Na hakuwa peke yake. Walikuwa watano, wote wa Cambridge, na wote walishaingia au walikuwa njiani kuingia kwenye ofisi nyeti za serikali.

Mwaka 1944 kijana huyo akapewa ukuu wa kitengo cha MI6 cha kupambana na Wasovieti. Yaani fisi kakabidhiwa zizi, na ufunguo juu.

Mwaka uliofuata, 1945, ofisa mmoja wa Kisovieti aliyekuwa Istanbul, Uturuki, aliwafuata Waingereza kimyakimya. Alitaka hifadhi yeye na mkewe. Mkononi alikuwa na siri nzito: Wasovieti wana watu wao ndani ya idara za Uingereza, na mmoja ni mkuu wa kitengo.

Faili lilipofika London, likatua kwenye meza ya nani? Ya yule yule jamaa. Akawatonya Moscow, kisha yeye mwenyewe akapewa kazi ya kwenda Istanbul kulishughulikia, akaenda kwa mwendo wa kinyonga. Alipofika, yule ofisa alishabebwa kwenye ndege kama mgonjwa mahututi, kafungwa bandeji. Hakuonekana tena.

Wenzake wawili walitorokea Urusi mwaka 1951. Yeye alishukiwa, akaacha kazi, lakini mwaka 1955 waziri alisimama bungeni akasema hakuna ushahidi dhidi yake. Mwaka 1963 akapotea Beirut, akaibukia Moscow, na huko ndiko alikofia mwaka 1988.

UPEKUZI UNAANZA

Baada ya aibu hizo, na kesi ya mwanasayansi aliyewapa Wasovieti siri za bomu la atomiki, Uingereza ilibadilika. Kuanzia miaka ya 1951 na 1952 watumishi wa sehemu nyeti walianza kufanyiwa upekuzi wa kweli. Mtu anajaza fomu ndefu, wanaomfahamu wanahojiwa, maisha yake yanachimbwa. Kumfahamu baba yake hakukutosha tena.

Cha ajabu, wakati wa vita walishaonyeshwa njia nyingine. Januari 1942 gazeti moja la London liliandaa shindano la kujaza fumbo la maneno ndani ya dakika 12. Wiki chache baadaye, baadhi ya walioshiriki walipata barua ya kuitwa serikalini. Walipelekwa Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja kodi za Wajerumani. Kituo hicho kilifika watu karibu 10,000, na takriban robo tatu walikuwa wanawake. Wengi walikaa kimya juu ya kazi hiyo kwa miongo kadhaa, hata kwa waume zao.

MPIGA CHAPA ALIYEKUWA BOSI

Mwaka 1967 mama mmoja Mwingereza alikuwa New Delhi, India, amemfuata mumewe mwanadiplomasia. Kazi yake ya nyuma ilikuwa kutunza nyaraka za kale. Mtu wa MI5 pale ubalozini alikuwa na kazi nyingi, akamuomba amsaidie kuchapa na kupanga mafaili kwa saa chache.

Aliporudi London akaomba kazi ya kudumu. Wakati huo MI5 mwanamke hakupewa kazi kubwa za uofisa, alibaki msaidizi hata kama elimu yake ilimzidi mwanaume wa meza ya pili. Wanawake walilalamika, na miaka ya 1970 mlango ukaanza kufunguka. Mama yule akapanda ngazi moja baada ya nyingine.

Mwaka 1992 akawa Mkurugenzi Mkuu wa MI5. Mwanamke wa kwanza, na mkuu wa kwanza wa idara hiyo kutangazwa jina hadharani. Mwaka 1997, MI5 ikaweka tangazo la kazi gazetini kwa mara ya kwanza.

NA HUKU KWETU?

Mkoloni Mwingereza aliendesha ujasusi Tanganyika na Kenya kupitia tawi maalumu la polisi, na nchi zetu zikaanza na urithi huo baada ya uhuru. Tanzania iliitungia Idara ya Usalama wa Taifa sheria yake mwaka 1996, Kenya ikafuata mwaka 1998. Uingereza yenyewe iliitungia MI5 sheria mwaka 1989 na MI6 mwaka 1994, kwa hiyo hawakutuacha mbali sana.

Leo ukitaka kuomba MI5 unaingia mtandaoni kama anayeomba kazi benki. Uwe raia, uwe na miaka 18 au zaidi, uache kabisa dawa za kulevya, na ukubali kupekuliwa madeni, marafiki na tabia zako. Nafasi nyingine hazihitaji hata digrii. Halafu kuna sharti moja dogo: usitangaze ovyo kwamba umeomba.

Ndiyo maana yule anayejigamba baa kwamba yeye ni mtu wa kitengo, na anaweza kukuingiza ukimpa chochote, ameshafeli mtihani wa kwanza. Kaa na hela yako.

Na yule anayeamini kazi nyeti wapewe watoto wa wakubwa tu kwa sababu "tunawafahamu wazazi wao", akumbuke ile meza ya chakula cha mchana London. Baba alifahamika vizuri sana. Aliyekuwa hafahamiki ni mtoto.