Barua ya William Banting juu ya Unene

Wengi wetu tukitajiwa historia hukumbuka vita, wafalme na safari za merikebu. Ni haki kuyakumbuka hayo. Lakini sahani ya chakula nayo ina historia yake, na aisomaye huona kwamba mambo yaubadiliyo mwili wa mwanadamu aghalabu si yale makubwa ya kushangaza, bali ni madogo yarudiwayo kila siku. Nataka, msomaji, nikueleze habari za mzee mmoja wa London aliyelitambua jambo hilo baada ya kuhangaika miaka mingi, kisha tutazame habari zake zatuhusu nini sisi wa Kenya.

Jina lake aliitwa William Banting, naye alizaliwa mwaka 1796. Kazi yake ilikuwa uzishi: jamaa yake ndio waliokabidhiwa mazishi ya Mfalme George wa Tatu mwaka 1820, na ya Duke wa Wellington mwaka 1852. Hakuwa mtu mvivu, wala hakuwa mlafi wa kuchekwa mezani. Hata hivyo mwili wake ulizidi kunenepa mwaka hata mwaka. Ilipofika Agosti 1862, kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 5, na uzito wake ratili 202, yaani kilo zipatazo 92. Hakuweza kuinama akafunga kamba za viatu vyake. Ngazi alizishuka kinyumenyume, taratibu, ili magoti na vifundo vya miguu visilemewe na mzigo aliouchukua.

Tena alikuwa na maumivu mengine yasiyopimwa kwa mizani. Baadaye aliandika kwamba watu wanene husimangwa barabarani, katika magari ya abiria na penye mikutano, na kwamba maneno hayo yalimfanya ajitenge na watu. Twapaswa kuliangalia neno hili, kwa kuwa kebehi ya namna hiyo haijakoma, na katika viwanja vya shule husikika pia. Unene wa mtu waweza kutokana na urithi, maradhi, dawa, au chakula apatacho. Na kicheko hakijapata kumpunguzia mtu uzito hata ratili moja.

Usidhani kwamba Banting aliketi bila kutafuta dawa. Aliwaendea madaktari wengi, na kila mmoja alimpa shauri lake. Mmoja alimwambia aushughulishe mwili. Basi akatumia mashua, akawa akivuta makasia saa mbili kila asubuhi. Misuli ikapata nguvu kweli, lakini njaa nayo ikazidi, akala zaidi kuliko kwanza. Alitembea, alipanda farasi, alikwenda pwani kupunga hewa ya bahari, alikunywa maji ya chemchemi zilizosifiwa kuwa ni dawa, akaoga mara nyingi katika mabafu ya mvuke. Uzito ulipungua ratili chache tu, kisha hali ikawa ile ile.

Mwishowe masikio yakaanza kumtatiza. Kwa ajili hiyo, Agosti 1862, alimwendea William Harvey, daktari wa masikio mjini London. Daktari huyu alikuwa amepata kwenda Paris, akasikia huko mafundisho juu ya ugonjwa wa kisukari na habari za uvumbuzi wa Claude Bernard, mtaalamu Mfaransa aliyeonyesha kwamba ini la mtu hutengeneza sukari. Harvey alifikiri hivi: ikiwa vyakula vya sukari na vya wanga vinahusiana na kisukari, huenda vinahusiana na unene pia. Hakumpa Banting chupa ya dawa. Alimwuliza alikula nini.

Jibu lilikuwa chakula cha kawaida cha Mwingereza wa siku zile aliyejiweza. Asubuhi alikula mkate na maziwa, au chai yenye maziwa na sukari tele pamoja na mkate wa kuchoma uliopakwa siagi. Mchana alikula nyama, mkate mwingi na vitobosha vya unga wa ngano, akateremshia bia. Jioni alirudia chai ile ile, na usiku mara nyingi alikula tena mkate na maziwa. Harvey alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Mahali pake alimruhusu nyama, samaki, mboga za majani, matunda kidogo, kipande chembamba cha mkate mkavu uliochomwa, chai isiyo na maziwa wala sukari, na bilauri za mvinyo ambazo madaktari wa leo wasingemsifia.

Angalia jinsi uzito wake ulivyopungua. Haukuanguka ghafula kama embe litikiswalo mtini. Baada ya mwaka mmoja, Agosti 1863, Banting alikuwa na ratili 156. Amepoteza ratili 46, yaani karibu kilo 21. Ukigawanya hesabu hiyo, haifiki hata ratili moja kwa juma. Kiuno chake kilipungua inchi 12 na robo. Sasa aliweza kushuka ngazi kama watu wengine na kufunga viatu kwa mikono yake mwenyewe, na kusikia kwake kukawa bora. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mzee huyu alionyesha kwamba haba na haba huweza kukipunguza pia.

Mwaka 1863 aliandika kijitabu alichokiita barua juu ya unene, akakipiga chapa kwa gharama yake, akakigawa bure. Watu walipozidi kukitaka kiliuzwa, na faida akaitoa sadaka. Madaktari kadhaa walikasirika. Wengine walisema kwamba hapana jipya ndani yake. Wengine walimwona mzishi anayejiingiza katika kazi isiyokuwa yake. Lakini kijitabu kilienea nchi nyingi, hata jina lake likageuka kuwa kitenzi: Waingereza wa zamani waliposema mtu "ana-bant," walimaanisha anajinyima vyakula fulani ili apungue. Hata leo Waswidi hutumia neno "banta" kwa maana hiyo hiyo. Banting mwenyewe aliishi mpaka mwaka 1878, akafa akiwa na umri wa miaka 81.

Je, alikuwa amepata ukweli wote? La. Alikuwa amepata sehemu yake tu. Aliamini kwamba siri yote imo katika kuacha sukari na wanga. Sehemu nyingine ililetwa na Wilbur Atwater wa Marekani. Katika miaka ya 1890, kwenye Chuo Kikuu cha Wesleyan, mjini Middletown, yeye na wenzake walijenga chumba kidogo kilichofungwa pande zote, ambamo mtu aliweza kukaa siku kadhaa akila, akilala na akifanya kazi. Walipima kila kilichoingia na kila kilichotoka: chakula, hewa na hata joto la mwili. Wakaona kwamba mwili hauna mazingaombwe. Nguvu ziingiazo kwa chakula hutumika kwa joto na kazi, na zisizotumika huwekwa akiba. Kutokana na kazi hiyo twahesabu mpaka leo kwamba gramu moja ya mafuta huleta kalori 9, na gramu ya wanga au ya protini huleta kalori 4.

Kwa hesabu hiyo twaelewa vema yaliyompata Banting. Alipoacha bia, sukari, siagi na mikate mingi, aliondoa katika siku yake sehemu kubwa ya nguvu asizozihitaji. Tena nyama, samaki na mboga zilimshibisha asitafute kingine mapema. Twaelewa pia kwa nini mashua haikumfaa: alichokipoteza kwa kasia alikirudisha kwa kijiko. Mazoezi yana faida kubwa kwa moyo, mifupa na akili, lakini hayawezi peke yake kushindana na chakula kisicho na kiasi.

Huenda sasa utauliza: hayo ni mambo ya wazungu, sisi yatuhusu nini? Basi sikiliza. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Hugh Trowell alikuja kufanya kazi Kenya. Baadaye akahamia Uganda, akatibu na kufundisha katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Aliona njaa na utapiamlo wa watoto, akapigana nao kwa bidii. Lakini aliona pia kwamba maradhi kadhaa yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu hapa kwetu. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki habari za Mwafrika mmoja aliyepatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mgonjwa mmoja tu! Ugonjwa huo ulikuwa nadra hata mtu mmoja akastahili kuandikiwa makala. Mwaka 1960 alitoa kitabu kizima juu ya maradhi ya Afrika yasiyoambukizwa.

Trowell alijiuliza sababu. Aliporudi Uingereza alishirikiana na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago pia, na mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi. Fikira yao ilikuwa hii: wakulima wa Afrika Mashariki walikula nafaka pamoja na ganda lake, kunde, maharagwe, mizizi na mboga, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, ambavyo hulijaza tumbo kabla ya kuuzidishia mwili nguvu. Waingereza walikula unga mweupe na sukari, vitu vilivyokwisha kuondolewa nyuzinyuzi zake. Bila shaka tofauti nyingine zilikuwapo, kama kazi za jembe na safari za miguu. Lakini sifa ya nyuzinyuzi imezidi kuthibitishwa tangu hapo.

Tazama basi mzunguko wa historia. Wataalamu walijifunza kutoka kwa sahani za wazee wetu, na sisi tukaanza kuziacha sahani hizo. Uchunguzi wa afya ya taifa uliofanywa Kenya mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika kila wanawake watatu, mmoja alikuwa na uzito uliopita kiasi. Uji wa wimbi umeachia nafasi mandazi na chai ya sukari nyingi. Githeri imeachia nafasi chipsi. Na maji yameachia nafasi soda, ambayo chupa yake ndogo yaweza kuwa na vijiko vidogo 8 vya sukari. Unga wa mahindi uliosagwa mzima huitwa chakula cha maskini, na ule uliokobolewa ukawa mweupe huitwa wa heshima, ilhali lililo bora limebaki katika pumba walishwazo kuku.

Sikuambii uige chakula cha Banting. Yeye alikuwa mzee, wewe ungali unakua. Kijana ajinyimaye chakula huidhuru mifupa yake na masomo yake, na mwenye shaka juu ya uzito wake na amwendee mganga wa zahanati kabla ya kusikiliza mashauri ya sokoni. Wala wembamba si fadhila, kama unene usivyokuwa dhambi. Nakuambia uige jambo moja tu: aliacha kutafuta mwujiza, akatazama alichokula asubuhi, mchana na jioni. Nawe waweza kuanza hapo. Punguza kijiko kimoja cha sukari katika chai, kisha kingine. Kiu ikikushika, kunywa maji. Pakua ugali mdogo kuliko jana, na sukuma wiki, mchicha au kunde nyingi kuliko jana. Kula tunda lenyewe, usitosheke na maji yake. Usile mpaka ushindwe kuinuka. Haya hayahitaji fedha ya ziada, na mengine huiokoa.

Banting alingoja mpaka umri wa miaka 65 ndipo mtu akamwuliza alikula nini. Wewe huna haja ya kungoja kuulizwa; sahani ya leo jioni i mbele yako.