Tofauti za Kurithi na Hatari ya Saratani ya Mlango wa Kizazi: Zinaeleza Nini, Hazielezi Nini

Utangulizi

Takriban kila saratani ya mlango wa kizazi huanza na kirusi cha papiloma, maarufu kwa jina la HPV. Kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilitambua aina ya 16 ya kirusi hicho mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata. Aina hizo mbili ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani, na mwaka 2008 zur Hausen alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Hata hivyo, kirusi peke yake hakitoshi kueleza ugonjwa. Wanawake walio wengi huambukizwa HPV wakati fulani maishani, na maambukizi takriban tisa kati ya kumi huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Wachache hubaki na kirusi miaka mingi, na ni sehemu ndogo tu ya hao wachache wanaopata saratani.

Katika pengo hilo, kati ya wengi wanaoambukizwa na wachache wanaougua, ndipo swali la urithi linapoingia. Makala hii inatetea hoja kwamba tofauti za kijeni zinazorithiwa huathiri zaidi uwezo wa kinga ya mwili kukabiliana na kirusi, na kwamba athari hiyo, ingawa ni ya kweli, haielezi kwa nini wanawake wa Afrika Mashariki hufa kwa ugonjwa ambao kwingine umedhibitiwa.

Ushahidi wa nasaba

Ndugu wa familia moja hurithi jeni, lakini pia hushiriki kipato, umbali wa hospitali na desturi za ndoa. Kutenganisha mambo hayo ni kazi ngumu. Mwaka 1999 Magnusson, Sparén na Gyllensten walitumia rejesta za kitaifa za Sweden kulinganisha ndugu wa damu wa wagonjwa na ndugu zao wa kulelewa pamoja. Hatari kwa mama wazazi na dada wa damu ilikuwa karibu maradufu ya kawaida. Kwa mama walezi na dada wasio wa damu, ongezeko lilikuwa dogo mno. Baadaye ilikadiriwa kuwa urithi unachangia asilimia 27 ya tofauti za hatari katika jamii waliyoichunguza.

Tarakimu hiyo husomwa vibaya mara nyingi. Haimaanishi kwamba mwanamke mmoja ana asilimia 27 ya ugonjwa wake kutoka kwa mama yake, wala kwamba wagonjwa 27 katika kila 100 wameurithi. Ni kipimo cha jamii fulani, katika mazingira fulani. Mazingira yakibadilika, kipimo nacho hubadilika ingawa jeni ni zilezile. Aidha, takwimu za Sweden zilijumuisha mabadiliko ya awali ya seli pamoja na saratani yenyewe, kwa hiyo zinasema mengi kuhusu mwanzo wa safari ya ugonjwa kuliko mwisho wake.

Jeni na kazi zake

Tafiti zinazopekua jenomu nzima zimerudi mara kwa mara kwenye eneo moja la kromosomu ya 6, lenye jeni za HLA. Protini zinazotokana na jeni hizi hubeba vipande vya kirusi hadi juu ya seli na kuvionyesha kwa seli za T, askari wa kinga. Umbo la protini hizo hutofautiana baina ya mtu na mtu, na wapo ambao protini zao hukishika kipande cha HPV vizuri na kukifichua, na wapo ambao zao hukiacha kipite. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kundi la jeni lenye HLA-DRB1*13:01 huambatana na hatari ndogo, na lile lenye DRB1*15:01 na hatari kubwa zaidi. Katika eneo hilohilo ulibaini tofauti iliyo karibu na jeni ya MICA, ambayo protini yake huziita seli za kinga kuishambulia seli iliyoathirika.

Mwaka 2021, uchambuzi uliotegemea hazina ya data ya UK Biobank nchini Uingereza ulithibitisha eneo la HLA na kuongeza maeneo ya PAX8 na CLPTM1L. Lakini kila tofauti kati ya hizi huibadilisha hatari kwa kiasi kidogo tu. Kwa upande huu saratani ya mlango wa kizazi haifanani na ile ya matiti, ambako mabadiliko katika jeni moja ya BRCA1 huipandisha hatari kwa kiwango cha kumfanya daktari apendekeze vipimo vya pekee kwa ukoo mzima. Hali za namna hiyo zipo hapa pia, ila ni adimu sana: wenye ugonjwa wa Peutz-Jeghers, unaotokana na hitilafu ya jeni ya STK11, huweza kupata aina isiyo ya kawaida ya saratani ya mlango wa kizazi isiyohusiana na HPV.

Uwanja huu una funzo lake la tahadhari. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba watu wenye umbo fulani la jeni ya p53, lile lenye ajinini katika nafasi ya 72, wana hatari mara saba ya wengine. Maelezo ya kibiolojia yalivutia, kwa kuwa protini ya E6 ya kirusi huvunja p53, protini inayozuia seli kugeuka saratani. Tafiti nyingi zilifuata, na matokeo yakagongana. Uchambuzi wa pamoja wa mwaka 2009, uliopima ubora wa kila utafiti, ulionyesha kuwa uhusiano huo hutoweka tafiti dhaifu zinapowekwa kando.

Pengo la Afrika

Jeni za HLA zina tofauti nyingi kuliko jeni nyingine zozote za binadamu, na Afrika ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi wa tofauti za kijeni. Hata hivyo, zaidi ya robo tatu ya walioshiriki katika tafiti za jenomu nzima wana asili ya Ulaya. Alama za hatari zilizokokotolewa kwao haziwezi kuhamishiwa Mwanza au Kisumu kana kwamba ni vipimo vya joto.

Suala la HPV aina ya 35 linaonyesha gharama ya pengo hilo. Aina hii huonekana katika takriban asilimia 2 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, lakini kusini mwa Sahara inaweza kufikia asilimia 10. Imependekezwa kwamba kirusi hiki na wanawake wenye asili ya Afrika wana uhusiano wa kibiolojia wa muda mrefu. Dhana hiyo haiwezi kuthibitishwa wala kukanushwa kwa data za Ulaya, ilhali aina ya 35 haimo hata katika chanjo inayolenga aina tisa za HPV.

Hatari na vifo

Mtu anaweza kudai basi kwamba mzigo mkubwa wa Afrika Mashariki unatokana na jeni. Jibu linapatikana Sweden kwenyewe, nchi iliyotupatia kipimo cha urithi. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa wasichana na wanawake karibu milioni 1.7 wa nchi hiyo: waliochanjwa kabla ya miaka 17 walikuwa na hatari ya saratani iliyo pungufu kwa asilimia 88. Nasaba za Waswidi hazikubadilika. Kilichobadilika ni fursa ya kirusi kuingia.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 ugonjwa huu uliua wanawake wapatao 350,000, na asilimia 94 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita wa kuugua kuliko asiye navyo, ongezeko linaloizidi kwa mbali tofauti yoyote ya kawaida ya HLA. Tukiongeza uhaba wa upimaji wa HPV na wa tiba ya mabadiliko ya awali, sehemu kubwa ya vifo hivi inaelezeka bila kutaja jeni.

Hitimisho

Rwanda ilianza chanjo mwaka 2011, Tanzania ikaieneza nchi nzima mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Kadiri chanjo hii na upimaji vinavyofika kila mahali, wagonjwa watapungua, na huenda mchango wa urithi ukaonekana mkubwa zaidi miongoni mwa wachache watakaobaki. Hapo ndipo elimu ya jeni itakapozaa matunda kliniki, kwa sharti kwamba data za Afrika zianze kukusanywa sasa. Kwa leo, historia ya ukoo haipaswi kutumiwa kuchuja wa kupimwa. Ambaye mama yake aliugua apimwe kwa wakati, na ambaye kwao hajaugua mtu apimwe kwa wakati huohuo, maana aliyerithi kinga nzuri hana alama ya kumtambulisha, na kirusi hakiulizi ukoo kabla ya kuingia.