Walioshuka Mlimani

Watu wa rika langu tulipotaja Chuo Kikuu tulisema "Mlimani", na neno hilo lilitosha kueleza mambo mengi. Chuo kilianza Oktoba 1961 jijini Dar es Salaam katika jengo la TANU, kikahamia kilimani mwaka 1964, na mwaka 1965 kikafungua kitivo cha sayansi. Waliojaliwa walipanda huko. Habari za waliopanda zimeandikwa sana. Mimi niliyefundisha kemia miaka mingi huku Mbinga nimevutiwa zaidi na walioshuka wakaja kwetu mashuleni. Nimetaka kujua kwa nini baadhi yao walipoondoka waliacha kitu, na wengine wakaacha maandishi ubaoni tu, nayo yakafutwa kesho yake.

Msomaji huenda amelisikia jina la Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa huchemshwa na sukari, huachwa yapoe, ndipo huwekwa jokofuni. Siku moja nafasi jokofuni zilikuwa zinakwisha, naye Mpemba akayaingiza maziwa yake yangali ya moto. Baadaye alikuta yake yameganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuchemsha bado ni uji mzito. Alipomwuliza mwalimu akaambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na tangu hapo kila alipokosea darasani wenzake walisema hiyo ni hesabu ya Mpemba.

Kisha akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu. Baada ya mazungumzo wanafunzi wakaruhusiwa kuuliza maswali. Mpemba akauliza lake, wenzake wakacheka. Osborne mwenyewe hakuamini, lakini aliahidi kulijaribu atakaporudi. Huko chuoni alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na taarifa kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwa nia njema kabisa kwamba ataendelea kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Nimecheka mara nyingi kwa ajili ya fundi huyo, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu: jibu lipo kwanza, jaribio hufuata nyuma kama mtumishi.

Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, jina la Mpemba likitangulia la Osborne. Wataalamu wanabishana hata leo kama jambo lenyewe hutokea kweli. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wake. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Mtu wa Chuo Kikuu aliondoka shuleni amebeba swali la mwanafunzi, akalifanyia kazi.

Shule hiyo ya Mkwawa nayo ina historia yake. Tangu mwaka 2005 ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wake, kama wale wa Mlimani, hutawanywa mikoani kwa wiki chache za mazoezi ya kufundisha. Waliotufikia sisi walikuta hali ngumu. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa mwaka 2004 hadi 2009 ulijaza nchi shule za kata, na watoto wengi wakapata nafasi ambayo wazazi wao hawakuiota. Lakini madarasa yalitangulia na maabara zikabaki nyuma. Kwa miaka kadhaa ulikuwapo mtihani mbadala wa vitendo, ambapo mtoto alieleza kwa kalamu jaribio ambalo hakuwahi kuliona. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara, na vijiji vikaanza kuchangishana matofali.

Kuta zetu huku Litumbandyosi zilikuwa zimefika usawa wa madirisha walipokuja vijana wawili wa mazoezi, msimu wa kiangazi. Mmoja aliamkia "Shikamoo, mwalimu," kisha swali lake la pili likawa kama tuna makopo matupu ya maziwa.

Walitafuta vipande vya makaa ya mawe kutoka upande wa Ngaka, ambako uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 2011. Walivipondaponda, wakavitia katika kopo, wakafunika, wakaziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi na kutoboa tundu moja kwa msumari. Kopo likawekwa juu ya jiko la mkaa, nje, chini ya mwembe. Baada ya kitambo moshi wa manjano ukatoka tunduni. Kijana akausogezea njiti ya kibiriti, na ulimi wa moto ukasimama juu ya kopo. Darasa zima lilipiga kelele. Hao ni watoto waliokwisha kunakili maneno ya Kiingereza ya somo hilo na kuyakariri bila kosa.

Binti mmoja wa nyuma akanyosha mkono. Alianza kwa Kiingereza, akakwama. Kijana akamwambia aseme kwa Kiswahili. Akauliza: "Tutajuaje kwamba moto unatoka kwenye jiwe, na si kwenye kopo?" Wakamcheka. Nilimtazama yule kijana, maana hapo ndipo wageni wengi hushindwa: ratiba ina dakika 40, na mkaguzi wake alikuwa njiani. Alisema, "Swali zuri. Tujaribu."

Wakaandaa makopo mawili zaidi, moja la mchanga, moja la vipande vya mti mkavu. La mchanga halikutoa kitu. La mti lilitoa moshi mweupe mwingi, kisha nalo likawaka. Ukimya ukapita, halafu mvulana mmoja akasema taratibu, "Basi hili jiwe lilikuwa mti." Sijapata kufundisha asili ya makaa ya mawe vizuri kiasi hicho.

Mawe ya bonde la Ruhuhu yamezoea kusomwa mbali. Miaka ya 1930 Mwingereza Parrington aliokota huku mifupa ya mnyama wa kale mno. Ni mwishoni mwa mwaka 2012 tu alipotangazwa kwa jina la Nyasasaurus, pengine dinosauri wa kwanza kabisa kujulikana. Mifupa hiyo imo London na Cape Town. Nilipowaeleza watoto walitaka kwenda kuiona, nami sikuwa na la kuwaambia.

Vijana wale walipoondoka wanafunzi waliendelea wenyewe. Waliinamisha mabati mawili yenye udongo, moja wakalichimbia vishimo vya ngolo kama bibi zao wafanyavyo milimani Umatengo, jingine wakaliacha tambarare, wakamwagia maji na kulinganisha tope lililoshuka. Watafiti wa Sokoine na wa Kyoto, Japani, waliichunguza ngolo hiyo hiyo katika miaka ya 1990, wakakiri jinsi inavyozuia udongo usichukuliwe na mvua.

Maabara ilikuja kuezekwa. Makopo matatu tuliyaweka kabatini pamoja na daftari la majaribio. Ukurasa wa mwisho yule binti alikuwa ameandika swali jingine: kwa nini mfuniko wa kopo la mti ulilowa maji mengi, na wa makaa ya mawe ukapata zaidi lami? Mwaka uliofuata kidato cha pili walilikuta, wakaja ofisini kuniomba kibiriti.